Miaka minne mbele ya skrini: tathmini ya mafunzo ya ubingwa wa tiba ya mionzi

Siku nilipokwenda kuikagua programu niliyokusudia kusomea ubingwa, wenyeji wangu walinionyesha mashine. Nilionyeshwa LINAC mbili, yaani mashine zinazotoa mionzi kwa umeme, zilizokuwa zimefungwa muda mfupi uliopita, mashine ya CT scan ya kupangia tiba na chumba cha mionzi ya ndani, na kila mlango mzito ulipofunguliwa nilizidi kuamini kwamba hapo ndipo pa kujifunzia kutibu saratani kwa mionzi. Hakuna aliyenipeleka kwenye kichumba kisicho na dirisha kilichokuwa mwishoni mwa korido, chenye kompyuta sita na viti sita. Nilikuja kukaa humo kwa saa nyingi kuliko mahali pengine popote katika miaka minne iliyofuata. Sasa nimemaliza, nimefanya kazi ya ubingwa kwa miaka mitatu, na madaktari wanaomaliza utarajali wananiuliza kama programu ile inafaa. Tathmini yangu inaanzia kwenye kichumba hicho.

Wengi, hata madaktari wenzetu wa fani nyingine, hudhani kwamba bingwa wa tiba ya mionzi ndiye anayebonyeza kitufe. Anayemlaza mgonjwa, akampanga sawasawa na alama zake na kuiendesha mashine ni mtaalamu wa mionzi. Anayehakikisha kwamba kiasi kilichoandikwa ndicho kinachotoka ni mwanafizikia tiba. Kazi ya daktari bingwa ni kuamua kama mgonjwa huyu anahitaji mionzi au hapana, apewe kiasi gani, kwa siku ngapi, na zaidi ya yote, ielekezwe wapi. Hilo la mwisho hufanywa kwa kuchora. Picha za CT scan hupigwa kwa vipande vyenye unene wa milimita 2 au 3, na juu ya vipande hivyo daktari huchora mipaka mitatu: mpaka wa uvimbe unaoonekana, mpaka mpana zaidi unaojumuisha sehemu ambazo saratani huenda imekwisha kujipenyeza bila kuonekana, na mpaka wa tatu wa kufidia mwendo wa mwili na tofauti ndogo za ulalaji kutoka siku moja hadi nyingine. Mpangilio huo umewekwa katika miongozo ya kimataifa tangu 1993. Baada ya hapo huchorwa viungo vya kulindwa: ugwe mgongo (neva kuu ipitayo ndani ya uti wa mgongo), tezi za mate, mapafu, moyo, figo, kibofu, kutegemea mahali ugonjwa ulipo. Mgonjwa mmoja wa saratani ya koo anaweza kuwa na vipande zaidi ya mia moja, na hakuna hata kimoja kinachoweza kupitwa.

Kompyuta itasambaza dozi kwa uaminifu kamili ndani ya mstari uliochorwa. Kama mstari umekosea, mashine ya kisasa kuliko zote itakosea pamoja nao, tena kwa usahihi mkubwa, kila siku, hadi tiba iishe. Kwa sababu hiyo nasema kwamba programu ya ubingwa huu ipimwe kwanza kwa jambo moja: ni nani anayeketi karibu na mwanafunzi anapochora, na anaketi kwa muda gani.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimpata mtu huyo. Mwalimu wetu wa saratani za kichwa na shingo alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akiingia kwenye kichumba kile kila alasiri baada ya kliniki, akivuta kiti na kusema, "Haya daktari, nionyeshe." Siku moja nilimwonyesha kazi ya mgonjwa mwenye saratani ya koromeo iliyokwisha kusambaa kwenye tezi za shingo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekutana na mtu mwingine aliyemaliza tiba zamani, ambaye alitembea na chupa ya maji mkononi kwa sababu tezi zake za mate zilikuwa zimekauka na hakuweza kuzungumza dakika tano bila kunywa. Alinigusa sana. Nilipokuwa nikichora, bila kumwambia mtu, niliusogeza mpaka wa pili mbali kidogo na tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Mwalimu alipitia vipande kimoja kimoja, akasimama kwenye kile, akachukua kipimo cha skrini na kupima umbali.

"Hapa umerudi nyuma milimita nne," alisema. "Nani amekuhakikishia kwamba ugonjwa umeishia hapa?"

Nilieleza habari ya mate. Hakunikemea. Alinifundisha kwamba huruma ina mahali pake katika mpango wa tiba, na mahali hapo ni kwenye masharti ya dozi: tezi huchorwa ilivyo, mwanafizikia huombwa kujitahidi wastani wake usizidi Gray 26 (Gray ni kipimo cha dozi ya mionzi), na pale ambapo tezi na eneo la hatari vinagusana, daktari huamua waziwazi kipi kitangulie, kisha huandika sababu yake na kumweleza mgonjwa. Mpaka wa ugonjwa hausogezwi kwa huruma, kwa maana seli zilizoachwa nje ya mpaka huo ndizo zinazoota upya, na mgonjwa anayerudi na uvimbe mahali palepale huwa hana tena nafasi ile aliyokuwa nayo mwanzoni. Tuliurekebisha mstari kabla mgonjwa hajaanza tiba. Hata leo nikichora shingo huwa napima pale.

Sasa niseme dosari kubwa ya programu ile, nami naisema kwa uchungu. Mwanzoni mwa mwaka wa pili mwalimu huyo alihama, na kwa miezi minane nafasi yake haikujazwa. Wasimamizi waliobaki walikuwa madaktari wazuri waliozidiwa na foleni ya wagonjwa. Mistari yangu ilifunguliwa jioni, ikaangaliwa haraka haraka na kupitishwa kwa kubonyeza, mara nyingi mimi mwenyewe nisiwepo. Iliporekebishwa, niliyakuta mabadiliko asubuhi bila neno la maelezo, nikabaki kubahatisha kilichokuwa kibaya. Mwanafunzi anayesahihishwa bila kuambiwa sababu hujifunza tabia za msimamizi wake badala ya kujifunza saratani. Tuliandika barua, tukajibiwa kwa upole kwamba ajira iko njiani. Wakati huohuo wageni waliendelea kutembezwa kwenye vyumba vya mashine. Miezi ile haikurudi, na nimelazimika kuifidia kwa kujitolea likizo zangu kwenda kuketi na wengine.

Upande wa fizikia na radiobiolojia, yaani elimu ya jinsi mionzi inavyoathiri seli, kwa kweli, sina ila sifa. Haya ndiyo masomo yanayowatisha madaktari wengi, kwa kuwa waliyaacha mahesabu walipoingia shule ya udaktari, na ndiyo yanayowaangusha wengi katika mitihani ya mwanzo. Mwanafizikia aliyetufundisha hakuridhika na ubao. Mgonjwa wa mwisho alipoondoka, alituingiza kwenye chumba chenye kuta nene za zege, akaweka tangi la maji chini ya mashine, akatuachia tupime wenyewe. Tulishusha kipimo milimita kwa milimita na kuona kwa macho yetu kwamba, kwa mionzi ya LINAC ya megavolti 6, dozi haifikii kilele juu ya maji bali takriban sentimita 1.5 ndani, wakati kwa kobalti-60, madini yanayotoa mionzi yenyewe, kilele hicho kiko karibu na nusu sentimita. Tangu jioni ile sikuhitaji tena kukariri kwa nini ngozi ya mgonjwa wa LINAC huungua kidogo kuliko ngozi za wale waliotibiwa kwa mashine za zamani zenye nishati ndogo.

Programu haikuwa na mashine ya kobalti, lakini alitufundisha kobalti kwa bidii ileile, akisema kwamba wengi wetu tungeikuta kazini. Alikuwa sahihi. LINAC huzalisha mionzi kwa umeme, na umeme ukizimwa hakuna mionzi. Kobalti hutoa mionzi usiku na mchana, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi. Maana yake ni kwamba kila mwezi chanzo hupoteza takriban asilimia 1, na muda wa mgonjwa kulala chini ya mashine lazima uongezwe kwa kiasi hicho. Daktari asiyelielewa hilo anaweza kuwapa wagonjwa wake dozi pungufu kwa mwaka mzima akidhani anafuata mwongozo.

Katika radiobiolojia tulianzia kwenye swali ambalo kila mgonjwa huuliza: kwa nini mionzi isitolewe yote siku moja, yaishe? Jibu lilianza kupatikana Ufaransa mwanzoni mwa karne iliyopita, mtafiti Claude Regaud na wenzake walipochunguza korodani za kondoo dume mjini Paris. Dozi kubwa ya mara moja iliyotosha kumhasi mnyama iliiharibu vibaya ngozi yake. Dozi iliyogawanywa kwa siku kadhaa ilimhasi bila madhara makubwa ya ngozi. Daktari Henri Coutard akaupeleka ugunduzi huo kwa wagonjwa wa saratani ya koo. Mpaka leo, mpango wa kawaida ni Gray 1.8 hadi 2 kwa siku, siku tano kwa wiki. Tulifundishwa pia mambo manne yaliyopangwa pamoja mwaka 1975: seli zenye afya hujikarabati kati ya dozi na dozi, seli za saratani hupita kwenye hatua za kugawanyika ambamo mionzi huziumiza zaidi, oksijeni huingia katika sehemu za uvimbe zilizokuwa zimeikosa, na mionzi huua vizuri palipo na oksijeni, na seli za saratani nazo huzaliana iwapo tiba itacheleweshwa. Hilo la nne ndilo linalonifanya nimpigie simu mgonjwa wa shingo akikosa siku mbili mfululizo.

Mionzi ya ndani ndiyo sehemu iliyonipa mikono. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje peke yake mara nyingi haitoshi. Daktari huingiza mrija mwembamba wa chuma ndani ya mji wa mimba kupitia mlango wake, pamoja na vifaa vingine pembeni, kisha mashine husukuma chembe ya iridiamu-192, madini yenye mionzi, yenye urefu wa milimita chache ipite humo na kusimama kwa sekunde zilizopangwa. Dozi hushuka kwa kasi kadiri unavyoondoka kwenye chembe hiyo: umbali ukiongezeka mara mbili, dozi hubaki karibu robo. Ndipo unapoelewa thamani ya shashi. Msimamizi wangu alinisimamisha karibu na bega lake na kunionyesha jinsi ya kuipachika shashi taratibu, safu juu ya safu, ili kibofu kisukumwe mbele na utumbo mpana usukumwe nyuma, kila milimita ikiwa na faida yake. Aliongea na mgonjwa muda wote, akimwambia kila anachokwenda kufanya kabla hajakifanya. Nilifanya taratibu zaidi ya 40 chini ya jicho lake kabla ya kuruhusiwa kufanya peke yangu, na ningependa kila programu iwe na mtu kama yeye. Anayechagua mahali pa kusomea aulize idadi hiyo bila haya, kwa sababu zipo programu zenye majengo mazuri ambazo mwanafunzi wake humaliza akiwa ametazama tu.

Kuhusu muundo wa jumla sina mengi. Miaka minne baada ya utarajali ni muda wa kawaida. Marekani nako ni mwaka mmoja wa utarajali na minne ya ubingwa, na mitihani ya fizikia na radiobiolojia hutenganishwa na ile ya kliniki. Uingereza ina njia nyingine, ambapo daktari huyohuyo anayetoa mionzi hutoa pia dawa za saratani, nami naona njia hiyo humpa mgonjwa mtu mmoja wa kumfuata mwanzo hadi mwisho, ingawa humtwisha daktari mzigo wa kusoma fani mbili. Programu yangu ilikuwa katikati: tulikaa miezi sita na wenzetu wa dawa, muda uliotosha kuelewa wanachokifanya na usiotosha kukifanya.

Mitihani ya mwisho, hasa ule wa ana kwa ana, niliiona ya haki. Mtahini huweka picha mezani na kukuuliza ungefanya nini, kisha hubadilisha kitu kimoja: mgonjwa ana miaka 80, au ameshawahi kupewa mionzi mahali hapo, au hawezi kulala chali. Hakuna kitabu kinachokuokoa hapo. Waliofanya vizuri katika kundi letu ni wale waliohudhuria kila kikao cha pamoja cha madaktari wa upasuaji, wa dawa, wa picha na wa maabara, na kusikia wakubwa wakibishana.

Lililokosekana katika mtaala, na ambalo sikulitambua hadi nilipoanza kazi, ni mafunzo ya kuzungumza. Daktari wa fani hii huonana na mgonjwa wake kila wiki wakati wa tiba, pengine kwa wiki saba, na baadaye humfuatilia kwa miaka, kwa kuwa madhara mengine ya mionzi hujitokeza baada ya muda mrefu. Hakuna somo hata moja lililotuandaa kumwambia mtu kwamba tiba aliyoimaliza kwa taabu haikufaulu. Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeweza kuponywa, ilipewa wiki mbili tu, ilhali sehemu kubwa ya kazi yangu ya sasa ni hiyo. Mara nyingi dozi moja ya Gray 8 kwenye mfupa unaouma huweza kumrudishia mgonjwa usingizi wake, na hakuna jambo ninalolifanya kwa wiki nzima linaloshukuriwa kama hilo.

Dharura ni chache, lakini zipo, na waliosikia kwamba fani hii haina simu za usiku wasiingie kwa sababu hiyo. Ijumaa moja jioni, mwaka wangu wa kwanza wa ubingwa, aliletwa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye pingili za mgongo na kuubana ugwe mgongo, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kulegea tangu asubuhi. Bado aliweza kusimama akishikwa. Anayefika kwenye tiba akitembea kwa kawaida huendelea kutembea. Miguu ikishapooza kabisa, kurudi kwake ni nadra. Daktari wa upasuaji alimwona na kusema hafai kwa kisu. Tukampa deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ugwe mgongo, nikawaomba wataalamu wa mionzi na mwanafizikia wasiondoke, nikachora mipaka huku yeye akiwa bado amelala kwenye meza ya CT scan, na kabla ya saa tatu usiku alikuwa amepata dozi yake ya kwanza. Wiki sita baadaye aliingia kliniki kwa mkongojo. Hapo niliyashukuru mafunzo yale kwa moyo wote, kwa maana mikono yangu ilijua la kufanya.

Kuhusu usalama, ndugu huuliza kama kazi hii haituchomi wenyewe. Tunavaa kipimo kifuani, na kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka. Daktari wa mionzi ya nje, ambaye hayumo chumbani mashine inapowaka, kwa kawaida hukaa chini sana ya hapo. Hatari ninayoifikiria zaidi ni ya mgonjwa. Programu ilitufundisha kwa kina ajali za mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, ambapo kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita walipewa dozi kubwa kupita kiasi kutokana na makosa ya programu ya kompyuta, na baadhi yao wakafa. Wagonjwa wale walisema wameungua, na hawakuaminiwa mapema. Tangu somo lile, mgonjwa wangu akisema leo mashine imesikika tofauti au amehisi kitu tofauti, tiba husimama hadi mwanafizikia aje.

Atakayeingia fani hii ajue pia kwamba kusoma hakuishi. Nilipokuwa mwanafunzi, mgonjwa wa saratani ya titi alikuja mara 15. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza yaliyoonyesha kwamba Gray 26 katika mara 5, ndani ya wiki moja, hazikuwa duni kwa Gray 40 katika mara 15 katika kuzuia ugonjwa usirudi. Kwa mama anayetoka mbali na kulala kwa jamaa ili atibiwe, tofauti hiyo ni kubwa mno. Niliweza kuusoma utafiti ule na kuupima mwenyewe kwa sababu nilifundishwa takwimu vizuri, na hilo nalihesabu upande wa mema ya programu.

Ningepewa kuchagua upya, ningerudi palepale kwa ajili ya yule mwanafizikia na msimamizi wa mionzi ya ndani, ila safari hii ningeuliza kwanza habari za kichumba. Mwezi uliopita nilialikwa huko kutahini wanafunzi wa mwaka wa tatu, nikapita kwenye korido ile. Kichumba kimeongezwa kiti cha saba. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri msimamizi mmoja hapangiwi kliniki, na kazi yake kwa saa mbili ni kupitia mistari ya wanafunzi nao wakiwepo, kipande kwa kipande, kabla mpango wowote haujapelekwa kwa mwanafizikia. Niliketi nyuma nikasikiliza. Binti wa mwaka wa kwanza alikuwa ameuchora ugwe mgongo vizuri hadi sentimita mbili chini ya uvimbe, kisha akaacha. Msimamizi alimuuliza kwa nini ameishia hapo, akamsubiri ajibu.